Lincoln kabla ya Ikulu: wakili wa vijijini, na siku aliyomtetea mwenye watumwa

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa sheria, mwaka wa pili. Mhadhiri wetu alitaja darasani kwamba Abraham Lincoln hakusoma chuo chochote, alijisomea vitabu mpaka akawa wakili. Nilipofuatilia nikakutana na habari iliyonichanganya: kwamba mwaka 1847 alisimama mahakamani upande wa mtu aliyetaka kurudishiwa watumwa wake. Si ndiye huyu aliyekuja kuwaacha huru? Naomba unieleze uwakili wake ulikuwaje hasa, na kama kesi hiyo ni ya kweli au ni uzushi. Na wale watumwa waliishia wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kesi ni ya kweli. Ilisikilizwa Oktoba 1847 katika mji wa Charleston, jimbo la Illinois, na Lincoln alikuwa upande wa mwenye watumwa. Alishindwa, nami nafurahi kila ninapoandika kwamba alishindwa. Nitaifikia kesi hiyo na sitaipamba. Lakini ukiichukua peke yake hutamwelewa mtu aliyesimama mle ndani, kwa hiyo niruhusu nianzie shambani.

Lincoln alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 huko Kentucky, katika kibanda cha magogo. Baba yake, Thomas, alikuwa mkulima na seremala. Alinunua mashamba zaidi ya mara moja, na mara kwa mara akajikuta anagombana na watu juu ya hati: mipaka imepimwa ovyo, au anatokea mtu mwenye karatasi ya zamani kuliko yake. Mwaka 1816 akachoka, akavusha familia yake mto Ohio na kuhamia Indiana, ambako serikali ilikuwa imepima ardhi kwanza ndipo ikaiuza. Lincoln mwenyewe aliandika baadaye kwamba walihama kwa sehemu kwa ajili ya utumwa, lakini hasa kwa ajili ya matatizo ya hati za ardhi. Yeyote aliyewahi kuona ukoo ukimaliza ng'ombe wake kwa kesi ya shamba ataelewa mtoto wa nyumba ile alijifunza nini kuhusu sheria kabla hajajua kusoma vizuri.

Shule aliisoma kwa vipande vipande, wiki chache huku, miezi miwili kule. Ukijumlisha siku zote alizokaa darasani, kwa hesabu yake mwenyewe, hazifiki mwaka mmoja.

Mwaka 1831, akiwa na miaka 22, alifika New Salem, kijiji kidogo juu ya mto Sangamon katika Illinois. Pale alifanya kila kazi. Aliuza dukani, akaingia ubia wa duka lake mwenyewe, duka likafa na kumwachia madeni aliyoyalipa kwa miaka. Mwaka 1833 alipewa kazi ya mkuu wa posta, akawa pia msaidizi wa mpima ardhi wa kaunti. Kabla ya hapo, mwaka 1832, alikuwa amegombea Bunge la jimbo akashindwa. Ila katika kituo chake mwenyewe, palipokuwa na wapiga kura 300, alipata kura 277. Waliomjua walimpigia, ambao hawakumpigia ndio waliokuwa hawajamsikia. Mwaka 1834 aligombea tena, akapita.

Katika kampeni hiyo wakili mmoja wa mji wa Springfield, John Todd Stuart, alimhimiza asome sheria, akamkubalia kumwazima vitabu. Springfield ilikuwa kama kilomita 30 kutoka New Salem. Lincoln alikuwa akienda, anabeba kitabu, anarudi kukisoma, anakirudisha, anachukua kingine. Kikubwa kati ya alivyosoma kilikuwa cha Blackstone, mtaalamu wa sheria za Uingereza wa karne ya 18, ambacho kila wakili wa Marekani wa wakati ule alianzia hapo.

Hapa mhadhiri wako yuko sahihi, ila ongeza jambo moja. Kutosoma chuo hakukuwa ajabu. Vyuo vya sheria vilikuwa vichache mno, na njia ya kawaida ilikuwa kijana kukaa katika ofisi ya wakili mzee, anakili hati, anafagia, anasoma, kisha anapimwa na mawakili au majaji. Ajabu ya Lincoln ni kwamba hata hiyo ofisi hakuikalia. Alisoma peke yake. Alipata leseni tarehe 9 Septemba 1836, na jina lake likaandikwa kwenye orodha ya mawakili wa jimbo tarehe 1 Machi 1837.

Mwaka 1855 kijana mmoja aitwaye Isham Reavis alimwandikia akiomba kusoma sheria katika ofisi yake. Lincoln alimjibu kwamba yeye huwa safarini mno, hatafaa kuwa mwalimu, lakini kama kijana amekata shauri kweli kuwa wakili, basi zaidi ya nusu ya kazi imekwisha. Pata vitabu, alimwambia, visome mpaka uelewe, na usijali kama mji wako ni mdogo. Yeye mwenyewe, alisema, alisoma New Salem, mahali ambapo watu hawakufika hata 300. Mwanangu, barua hiyo itafute. Ni fupi, na kila mwaka nawasomea wanafunzi wangu.

Tarehe 15 Aprili 1837 aliingia Springfield juu ya farasi wa kuazima, na mali yake yote imo katika mifuko miwili ya tandiko. Akaenda duka la Joshua Speed kuuliza bei ya kitanda na matandiko yake. Speed akapiga hesabu: dola 17. Lincoln akasema bei ni nzuri, lakini hana fedha, na kama uwakili wake utashindwa huenda asiweze kulipa kamwe. Speed anasimulia kwamba hajapata kuona uso wenye huzuni kama ule. Akamwambia, juu nina chumba kikubwa na kitanda kipana, tulale wawili. Lincoln akauliza ngazi iko wapi, akapanda na mifuko yake, akaitua sakafuni, akashuka uso umekunjuka: Speed, nimeshahamia. Wakawa marafiki wa maisha.

Alifanya kazi na wabia watatu kwa zamu. Stuart mpaka 1841. Kisha Stephen Logan mpaka 1844, ambaye alimfundisha umakini wa kuandaa hati, maana hapo kabla Lincoln alitegemea zaidi ulimi. Kisha William Herndon, kijana mdogo kwake kwa miaka tisa, ambaye aligawana naye kila ada nusu kwa nusu. Ofisi yao ilikuwa vurugu. Herndon anasema palikuwa na furushi la karatasi limeandikwa kwa mkono wa Lincoln kwamba kitu ukikikosa kila mahali, tazama humu. Barua nyingine alizichomeka ndani ya kofia yake ndefu.

Sasa nije kwenye kiini cha swali lako, yaani kazi yenyewe. Illinois ya wakati ule ilikuwa nchi ya mbuga za nyasi, miji midogo iliyoachana mbali na njia za matope. Hakukuwa na kesi za kutosha wala fedha za kumweka jaji katika kila kaunti. Kwa hiyo jaji alizunguka. Mara mbili kwa mwaka, masika na majira ya kupukutika majani, jaji alitoka na kundi la mawakili nyuma yake, wakakaa siku chache katika makao ya kila kaunti, wakamaliza mashauri yaliyokusanyika, wakapanda tena farasi na magari kwenda kaunti inayofuata. Huo ndio uliitwa Mzunguko wa Nane, na katika upana wake mkubwa ulikuwa na kaunti 14, safari ya zaidi ya kilomita 600. Mzunguko mmoja uliwachukua karibu miezi mitatu. Mawakili wengi waligusa kaunti mbili tatu za karibu wakarudi kwa wake zao. Lincoln alikuwa miongoni mwa wachache sana waliouzunguka wote, mwaka hata mwaka.

Kuanzia 1848 jaji wao alikuwa David Davis. Alikuwa na mwili mkubwa, zaidi ya kilo 130, na katika nyumba za wageni ambako mawakili walilala wawili wawili kitanda kimoja, yeye peke yake alilala na nafasi yake. Mawakili, jaji, mashahidi, wakati mwingine hata mshtakiwa aliyewekewa dhamana, walikula meza moja. Usiku Lincoln alipiga hadithi mpaka watu wakashika mbavu. Kisha wengine wakilala, yeye aliwasha mshumaa akasoma jiometri ya Euclid. Katika maelezo ya maisha yake aliandika kwamba vitabu sita vya Euclid alikaribia kuvimaliza baada ya kutoka Bunge la Marekani, akiwa mtu wa miaka 40. Alitaka kujua kuthibitisha jambo ni nini, lisibaki la kubishana tu.

Fikiria Jumatatu asubuhi mbele ya mahakama ya kaunti. Wakulima wamekuja na magari, wengine wana kesi, wengine wamekuja kutazama tu, maana hakuna burudani nyingine. Mawakili wageni wanashuka. Mkulima anamshika mmoja mkono, anampeleka chini ya mti, anamsimulia kisa. Au wakili mwenyeji anamvuta mgeni amsaidie. Saa moja baadaye hati imeandikwa, saa mbili baadaye wako mbele ya jaji. Asubuhi unamdai Fulani kwa niaba ya mteja wako. Alasiri Fulani yule yule anakukodi umtetee katika kesi nyingine. Hakuna aliyeona vibaya. Ndivyo mahakama ile ilivyoendeshwa, na hili lishike, tutalihitaji tukifika Charleston.

Watafiti waliopekua masjala za kaunti zile wamekusanya kesi zaidi ya 5,000 za Lincoln na wabia wake katika muda wa karibu miaka 25. Zaidi ya nusu ni madeni. Sarafu zilikuwa adimu, watu walinunua ng'ombe, shamba na hata nguo kwa hati za ahadi ya kulipa. Hati zikapita mkono kwa mkono kama fedha, mpaka mmoja akakataa kulipa. Zilizobaki ni talaka, mirathi, mipaka, nguruwe walioingia shamba la mtu, na kashfa, maana katika kijiji jina la mtu ndilo mali yake. Ada ilikuwa dola 5, dola 10, dola 20. Katika maandishi aliyoyatayarisha kwa ajili ya mhadhara kwa mawakili, alisema wakili awazuie watu kushtakiana kila inapowezekana, awapatanishe majirani, awaonyeshe kwamba anayeshinda kwa jina mara nyingi ndiye anayepoteza kwa gharama na muda. Kazi, alisema, bado zitabaki za kutosha.

Mahakamani alikuwa mtu wa aina gani? Wakili mwenzake Leonard Swett alieleza kwamba Lincoln alikuwa akikubali hoja sita za mpinzani, kwa upole, hili nakubali, hili nalo ni kweli, mpaka mpinzani akadhani amekwisha kushinda. Kumbe ile ya saba ndiyo iliyobeba kesi, na hapo hakuachia hata kidogo. Swett anaonya kwamba aliyemwona Lincoln mtu wa kawaida asiye na hila alikuja kuzinduka amelala chali mtaroni.

Kesi inayopendwa zaidi ni ya Duff Armstrong, nami naipenda pia, kwa sababu inaonyesha utaratibu wake wa kazi waziwazi. Usiku wa tarehe 29 Agosti 1857, karibu na mkutano wa dini uliofanyika nje, porini, walevi walipigana, na mtu aitwaye Metzker akafa siku chache baadaye. Watu wawili walishtakiwa. Mmoja alikuwa Duff, mtoto wa Hannah na Jack Armstrong wa New Salem. Hannah alikuwa amemlisha Lincoln na kumshonea nguo wakati hana kitu. Sasa Jack amekufa, mama ni mjane. Lincoln aliichukua kesi, wala hakutoza senti.

Ilisikilizwa Beardstown tarehe 7 Mei 1858. Shahidi mkuu, Charles Allen, alisema aliona pigo kwa macho yake, kiasi cha saa tano usiku, kutoka mbali kidogo. Uliona vipi usiku? Mwezi ulikuwa juu, unawaka. Lincoln hakumkatiza. Alimrudisha nyuma, akamfanya aseme tena habari ya mwezi, na tena, mpaka kila mmoja wa wale wananchi 12 wa juri ameisikia na kuibeba. Ndipo akatoa almanaka ya mwaka ule, yaani kitabu cha kalenda chenye nyakati za jua na mwezi, akaomba ukurasa wa Agosti usomwe. Saa ile mwezi ulikuwa chini, unakaribia kuzama. Juri ilimwachia Duff. Baadaye kulizuka uvumi kwamba almanaka ile ilikuwa ya kughushi, lakini wanaastronomia walipopiga hesabu upya mwaka 1990 walikuta mwezi ulizama dakika chache tu baada ya saa sita usiku. Almanaka ilisema kweli. Angalia pia ambacho hakukifanya. Hakumwita shahidi mwongo kabla ya wakati. Alimwacha ajenge nyumba yake kwanza.

Haikuwa miaka yote ya nguruwe na hati za ahadi. Reli zilipoingia Illinois, Lincoln alizifanyia kazi. Kampuni ya reli ya Illinois Central ilimkodi kupinga kodi ya kaunti, akashinda katika Mahakama Kuu ya jimbo mwaka 1856, akaomba dola 5,000. Kampuni ilipokataa, akaishtaki kampuni yenyewe, akalipwa. Mwaka 1857 alilitetea pia daraja la kwanza la reli kuvuka mto Mississippi, baada ya meli ya mvuke Effie Afton kuligonga na kuungua. Juri ilishindwa kukubaliana, na daraja likabaki.

Sasa Charleston.

Robert Matson alikuwa mtu wa Kentucky aliyekuwa na shamba jingine kaunti ya Coles, Illinois. Kentucky ilikuwa nchi ya utumwa. Illinois, kwa katiba yake ya 1818, ilikataza kuingizwa watumwa, ingawa iliwabana watu weusi kwa sheria nyingine kali: hawakuruhusiwa kupiga kura, wala kutoa ushahidi dhidi ya mzungu, na asiye na hati ya uhuru aliweza kukamatwa. Matson alitumia mwanya. Alileta watumwa msimu wa kilimo na baada ya mavuno akawarudisha Kentucky, ili isije ikasemwa wamekuwa wakazi. Aliyebaki muda wote ni msimamizi wake, Anthony Bryant, ambaye kwa kukaa kwake alikuwa tayari mtu huru. Mkewe Jane na watoto wao waliletwa mwaka 1845, na safari hii mavuno yakapita, hawakurudishwa.

Mwaka 1847 mwanamke aliyesimamia nyumba ya Matson alimkasirikia Jane, akamtishia kwamba yeye na watoto watarudishwa na kuuzwa kusini, kwenye mashamba ya pamba. Anthony hakungoja. Alimchukua Jane na watoto wanne wakakimbilia kijiji jirani kwa watu wawili waliochukia utumwa, Gideon Ashmore, mwenye nyumba ya wageni, na daktari Hiram Rutherford. Matson akaenda mahakamani. Jane na watoto wakawekwa kizuizini Charleston kwa kukosa hati, na Matson akawafungulia madai wale wawili waliowahifadhi.

Rutherford alimjua Lincoln, akaenda kumtafuta amtetee. Kwa kumbukumbu za daktari huyo, Lincoln alimsikiliza, uso ukamwiva kwa mashaka, akamwambia amekwisha kukubaliana na Matson kuwa wakili wake. Baadaye alituma ujumbe kwamba huenda akaweza kujinasua, lakini Rutherford kwa hasira akawa ameshatafuta wakili mwingine.

Mbele ya majaji Wilson na Treat swali lilikuwa moja: Jane alikuwa mpita njia, au mkazi? Lincoln na mwenzake Usher Linder walisema ni kibarua wa msimu, bwana wake hakuwa na nia ya kumweka Illinois. Orlando Ficklin, wakili wa upande wa Jane, alikumbuka kwamba Lincoln, kwa mazoea yake yale yale ya kukubali hoja, alikiri waziwazi kwamba kama wangeletwa kukaa, wangekuwa huru. Safari hii hoja ya saba haikumwokoa. Majaji waliona Jane amekaa miaka miwili, na mtu hawi mpita njia kwa miaka miwili. Jane Bryant na watoto wake wakatangazwa huru. Matson aliondoka, na inasimuliwa kwamba hata ada ya Lincoln hakuilipa. Familia ya Bryant, ikisaidiwa na watu wa kule, iliondoka Marekani ikaenda Liberia.

Siku chache baada ya hukumu, Lincoln alipakia familia yake akaenda Washington kuanza kazi ya ubunge, kwa kuwa alikuwa amechaguliwa mwaka uliotangulia. Miezi 15 baada ya Charleston, Januari 1849, mbunge huyo huyo alitangaza mpango wa kuwaacha huru watumwa wa Washington kwa hatua, mabwana wao wakilipwa fidia. Na miaka kumi kabla ya Charleston, Machi 1837, alikuwa ameandika katika kumbukumbu za Bunge la Illinois, yeye na mwenzake mmoja tu, Dan Stone, kwamba utumwa umejengwa juu ya dhuluma na siasa mbaya. Mwaka 1841 alikuwa ameshinda kesi ya Bailey dhidi ya Cromwell, iliyohusu hati ya deni la kumnunua mwanamke mweusi aitwaye Nance. Mahakama Kuu ya Illinois ilitamka kwamba sheria humchukulia kila mtu kuwa huru, bila kujali rangi, na mtu huru hauziki. Kwa hiyo deni halipo. Miaka sita baadaye alisimama upande wa pili wa hoja ile ile.

Utasikia wakimtetea kwa kusema wakili hana haki ya kuchagua mteja. Mimi siukubali utetezi huo. Hakuna aliyemlazimisha, mawakili wa Mzunguko walikataa kesi walizotaka kukataa, na Herndon anatutolea mifano ya Lincoln kukataa. Ninachokiona ni mazoea. Mtu amekaa miaka kumi akihama upande kila baada ya saa mbili, amezoea kuamini kwamba kazi yake ni kuueleza upande wake vizuri na majaji ndio watakaotenda haki. Kwa deni la ng'ombe mazoea hayo hayaumizi mtu. Kwa Jane, lililokuwa mezani ni watoto wake wanne. Lincoln alilikosea jambo hilo, na uungwana wake wote wa mahali pengine haulifuti.

Lakini mazoea hayo hayo ya Mzunguko ndiyo yaliyomfanya kuwa mwanasiasa. Mwaka 1854 Seneta Stephen Douglas, naye wakili wa Illinois na mshindani wake wa zamani, alipitisha sheria ya Kansas-Nebraska iliyovunja mwafaka wa 1820 uliouwekea utumwa mpaka, na kuufungulia utumwa njia kuingia nchi mpya za magharibi. Nyuma yake palikuwa na pamba. Pamba ya kusini ndiyo iliyofumwa viwandani kaskazini, na sehemu yake ilisafirishwa mpaka Unguja. Ile nguo bibi zetu waliyoiita amerikani ilitoka huko, na vita vya kaskazini na kusini ya Marekani vilipozuka mwaka 1861 biashara yake pwani yetu ikaanguka.

Lincoln, ambaye alikuwa amerudi kwenye kesi zake na kuisahau siasa, aliamka. Mwaka 1858 alikabiliana na Douglas katika midahalo saba, kiti cha Seneti kikiwa mezani. Msemaji wa kwanza alipewa saa moja, wa pili saa moja na nusu, wa kwanza tena nusu saa, na watu maelfu wamesimama juani wanasikiliza. Ni nani anayeweza kuwashika wakulima saa tatu? Mtu aliyewazoea katika juri. Hata hivyo mdahalo wa nne, tarehe 18 Septemba, ulifanyika Charleston, mji ule ule, na hapo Lincoln alisema hakupata kuunga mkono usawa wa kijamii na kisiasa kati ya wazungu na weusi. Ilikuwa ni kukubali hoja sita za mpinzani, lakini safari hii alizozikubali zilikuwa haki za watu. Ya saba aliyoishikilia ni kwamba mtu mweusi ana haki ya kula mkate alioutolea jasho kwa mikono yake. Wabunge wa jimbo, ambao ndio waliochagua seneta siku hizo, walimpa Douglas kura 54 kwa 46.

Mei 1860, huko Chicago, aliyesimamia kampeni ya kumpatia Lincoln uteuzi wa chama chake kugombea urais alikuwa ni Jaji David Davis, na Swett akimsaidia, watu wa Mzunguko wa Nane. Walijua kuhesabu kura za wajumbe kama walivyojua kusoma nyuso za juri. Tarehe 11 Februari 1861 aliondoka Springfield kwenda kuapishwa, akamwomba Herndon akiache kibao chao cha ofisi kining'inie pale pale.

Tangazo la kuwaacha huru watumwa la tarehe 1 Januari 1863 lisome ukiwa na macho ya mwanasheria. Ni kavu mno. Linataja kaunti kwa majina, hii imo, hii haimo. Watu wengi hukatishwa tamaa nalo. Lakini aliyeliandika aliwajua majaji, na alijua kwamba mamlaka pekee aliyokuwa nayo juu ya watumwa ni ya amiri jeshi vitani. Pale ambapo vita havikuwepo, tangazo lingevunjwa mahakamani. Ndiyo maana akapigania katiba yenyewe ibadilishwe. Bunge lilipitisha mabadiliko hayo tarehe 31 Januari 1865, na yakakamilika Desemba mwaka huo, yeye akiwa ameshauawa tangu Aprili.

Kwa kuwa unasoma sheria, nikupe kazi moja. Mwaka 1862 Lincoln alimteua Davis kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Wakati wa vita serikali ya Lincoln ilikuwa ikiwashtaki baadhi ya raia mbele ya mahakama za kijeshi. Mmoja wao, wakili wa Indiana aitwaye Lambdin Milligan, alihukumiwa kunyongwa. Shauri lake lilifika Washington mwaka 1866, Lincoln ameshazikwa, na Davis ndiye aliyekuwa msimamizi wa mirathi yake. Aliyeandika hukumu alikuwa Davis huyo huyo, na aliandika kwamba raia hawezi kuhukumiwa na wanajeshi mahali ambapo mahakama za kiraia zimefunguliwa na zinafanya kazi. Milligan akaachiliwa. Isome kwanza hukumu hiyo, kisha isome ya Bailey dhidi ya Cromwell, halafu niandikie tena uniambie umeona nini.